Taji la Bibi Arusi

Somo la watu wazima katika redio: Usomaji wa hadithi

Natumaini mmekwisha kaa, madaftari yapo mbele yenu, na kiongozi wa darasa ana chaki mkononi. Leo hatutasoma habari za mbolea wala za maji safi. Leo tutazungumza juu ya hadithi moja ndefu, na juu ya vitu vinavyovaliwa na kutolewa siku ya arusi. Pengine mtu mmoja huko nyuma anasema, "Mwalimu, arusi tunaijua, tumekwenda nyingi." Ni kweli. Lakini kuiona arusi ni jambo moja, na kuisoma ni jambo jingine. Leo tutajifunza kuisoma.

Kiongozi wa darasa, tafadhali andika maneno haya matano ubaoni: ISHARA, RIWAYA, UPAGANI, SHADA, TOBA. Wote wayasome kwa sauti mara mbili.

Vema. Sasa tuyaeleze. Ishara ni kitu kinachosimama badala ya jambo lisiloonekana. Bendera ni kitambaa tu, lakini ni ishara ya nchi. Riwaya ni hadithi ndefu iliyotungwa na mtu mmoja na kupigwa chapa kitabuni. Upagani, katika somo hili, maana yake ni dini za kale za watu wa Ulaya, kabla hawajaupokea Ukristo. Silitumii neno hili kama tusi. Shada ni maua yaliyofungwa pamoja. Hapa ni maua yaliyosukwa mduara ili yavaliwe kichwani, na baadaye tutaona shada la dhahabu pia. Toba ni kujutia kosa na kurudi katika njia njema.

NCHI NA MTUNGAJI

Hadithi yetu inatoka Norwei, nchi iliyo kaskazini kabisa mwa Ulaya. Ni nchi ya milima, misitu na theluji. Watu wa Mbulu katika Tanzania wameisikia zaidi kuliko wengine, kwa sababu hospitali ya Haydom ilianzishwa na wamisionari wa Norwei katika miaka ya 1950.

Mtungaji ni mwanamke, jina lake Sigrid Undset. Alizaliwa mwaka 1882 katika nchi ya Denmark, akalelewa Norwei. Baba yake alikuwa mtaalamu wa vitu vya kale, yaani kazi yake ilikuwa kuchunguza panga, vyungu na mapambo yaliyofukuliwa ardhini. Binti alipokuwa na umri wa miaka 11 baba akafa. Fedha zikawa chache, na Sigrid hakwenda chuo kikuu. Alipata kazi ya ukarani katika afisi moja mjini, akaifanya miaka kama kumi. Mchana aliandika barua za wengine, usiku aliandika hadithi zake mwenyewe. Wanafunzi wangu, ninyi mnaokuja darasani baada ya kazi ya kutwa, mama huyu ni mwenzenu.

Riwaya yake kubwa inaitwa Kristin Lavransdatter. Msiogope jina hilo. "Datter" maana yake ni binti. Basi ni Kristin binti Lavrans, kama sisi tunavyosema Mwanaisha binti Ali. Kitabu kina sehemu tatu, zilizotoka mwaka 1920, 1921 na 1922. Sehemu ya kwanza inaitwa Shada. Ya pili inaitwa Mke wa Nyumba. Ya tatu inaitwa Msalaba. Mwaka 1928 mtungaji alipewa tuzo ya Nobel, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote kwa waandishi. Alifariki mwaka 1949.

Yashikeni majina hayo matatu: Shada, Mke wa Nyumba, Msalaba. Hadithi inaanza kwa maua na kumalizika kwa msalaba. Hayo ndiyo maneno yetu ya leo.

DESTURI HAZIBATIZWI SIKU MOJA

Hadithi inasimulia mambo ya karne ya 14, yaani miaka baada ya 1300. Wakati huo Norwei ilikuwa nchi ya Kikristo kwa muda wa karne tatu hivi. Mfalme Olav, aliyewalazimisha watu wengi kubatizwa, aliuawa vitani mwaka 1030. Baada ya kufa akahesabiwa mtakatifu, na mifupa yake ikawekwa katika kanisa la Nidaros, mji ambao leo unaitwa Trondheim. Watu walitembea kwa miguu kutoka mbali kwenda kusali hapo.

Lakini desturi za watu hazibatizwi siku moja. Nitawapa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni makanisa yenyewe. Katika Norwei yako makanisa ya kale yaliyojengwa kwa mbao. Juu ya paa la kanisa la Borgund, lililojengwa katika karne ya 12, kuna misalaba, na pamoja na misalaba kuna vichwa vya majoka vya kuchongwa. Katika mlango wa kanisa jingine, la Hylestad, mafundi walichonga hadithi ya shujaa Sigurd aliyeua joka. Sigurd si mtu wa Biblia. Ni shujaa wa hadithi za kipagani. Hata hivyo watu walipita kati ya nguzo zake wakiingia kumwomba Mungu.

Mfano wa pili ni pombe. Zamani za upagani, katika karamu kubwa, watu waliinua vikombe na kunywa kwa heshima ya miungu yao, wakiomba mwaka wa mavuno na amani. Ukristo ulipoingia, je, pombe ilipigwa marufuku? Hapana. Sheria za kale za sehemu ya magharibi ya Norwei ziliwaamuru wakulima wapike pombe ya sikukuu, na pombe hiyo ibarikiwe kwa jina la Kristo na Mariamu, kwa ajili ya mwaka wa mavuno na amani. Mwaona? Kikombe ni kile kile. Maombi ni yale yale. Anayeombwa ndiye aliyebadilika.

Mfano wa tatu ni kitanda cha maarusi. Kwa sheria za kale za Aislandi, nchi ya ndugu zao Wanorwei, arusi haikuwa halali mpaka watu wasiopungua sita wawepo, na bwana arusi aingie kitandani kwa bibi arusi kukiwa na mwanga, watu wakiona. Hiyo ilikuwa sheria ya mashahidi, ili kesho mtu asikane. Na katika shairi moja la kale sana la huko, nyundo ya mungu Thor inaletwa na kuwekwa magotini pa bibi arusi ili kumbariki. Baadaye kanisa lilikuja na njia yake. Padre alikibariki kitanda kwa maji ya baraka. Mashahidi walibaki, nyundo ikaondoka.

Na asubuhi yake mume alimpa mke zawadi, iliyoitwa zawadi ya asubuhi. Zawadi hiyo ilikuwa mali ya mke mwenyewe, imsaidie akiwa mjane. Desturi hiyo ni ya kale kuliko Ukristo katika nchi zile. Kanisa halikuwa na sababu ya kuivunja, kwa maana ilimlinda mwanamke.

Sasa, kiongozi wa darasa, simamisha kidogo. Mwanafunzi mmoja aeleze kwa maneno yake: Katika habari ya pombe, ni kitu gani kilichobaki, na ni kitu gani kilichobadilika?

TAJI NA PETE

Tuendelee. Tumefika kwenye kiini cha somo.

Wayunani na Warumi wa kale, walipokuwa bado wanaabudu miungu mingi, waliwavika maarusi mashada ya maua na majani. Wakristo wa kwanza walibishana sana juu ya jambo hili. Mwandishi mmoja wa Afrika ya Kaskazini, Tertullian wa Carthage, mwanzoni mwa karne ya tatu aliandika kwamba Mkristo hana haja ya shada kichwani, kwa sababu ni mapambo ya watu wa masanamu. Lakini karne mbili hazikupita kabla ya mhubiri mkubwa, John Chrysostom, kulieleza taji la arusi kwa njia nyingine. Alisema ni ishara ya ushindi: maarusi wamezishinda tamaa zao, wamefika arusini bila kuanguka. Taji halikutupwa. Lilipewa maana mpya.

Mwaka 866 watu wa Bulgaria, waliokuwa wamebatizwa karibuni, walimwandikia Papa Nicholas wa Kwanza kumwuliza maswali mengi. Akawajibu. Katika habari za arusi alieleza desturi za Roma: mchumba humtia mwenzake pete kidoleni, kuna mahari, kuna baraka kanisani pamoja na utaji, na wakitoka kanisani maarusi huvaa mataji. Kisha akasema jambo ambalo ni lazima mlisikie vema. Alisema kwamba vitu hivyo vyote vikikosekana, si dhambi, hasa kwa maskini. Kitu kimoja tu hakiwezi kukosekana, nacho ni ukubali wa hao wawili. Kukosa pete hakuharibu ndoa, lakini pasipo ukubali hakuna ndoa.

Na pete nayo ilitoka wapi? Warumi walipeana pete za uchumba kabla ya Ukristo. Ilikuwa kama arabuni ya mapatano. Kanisa likaichukua na kuibariki. Kutoka Ulaya ikaja mpaka makanisa yetu pamoja na wamisionari. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba pete ya arusi imeamriwa na Biblia, mwambie aonyeshe mstari. Hataupata. Lakini usimcheke, kwa maana pete yake si uongo. Ni kitu cha kale kilichopewa maana mpya, kama kile kikombe cha pombe.

Katika Norwei ya zamani msichana asiyeolewa aliacha nywele zake wazi, na siku za sherehe alivaa shada juu yake. Wa watu wenye mali waliweza kuvaa shada la dhahabu. Siku ya arusi alivaa taji. Baada ya arusi alizifunika nywele kwa kitambaa, na hakuziacha wazi tena mbele ya watu. Basi ukimtazama mwanamke kichwani ulimsoma kama tunavyosoma kibao cha duka. Nywele wazi na shada: huyu ni mwali. Kitambaa: huyu ni mke wa mtu.

HADITHI YA KRISTIN

Sasa twende kwenye hadithi. Lavrans ni mkulima mkubwa katika bonde la milimani. Ni mtu wa haki, mwenye kumcha Mungu, na anampenda sana binti yake Kristin. Mama yake, Ragnfrid, ni mtu wa huzuni, na kwa muda mrefu hatujui sababu.

Kristin akiwa mtoto wa miaka saba anafuatana na baba yake kwenda malishoni milimani. Wakubwa wanapumzika na kusinzia. Mtoto anatangatanga mpaka kwenye maji, amevaa shada la maua, anajitazama majini. Mara anamwona mwanamke ng'ambo ya maji, mwenye nywele nyeupe kama kitani. Mwanamke huyo anampungia mkono, naye ameshika shada la maua ya rangi ya dhahabu, anamwonyesha kana kwamba anampa. Farasi wa baba anashtuka na kulia. Mtoto anakimbia. Wakubwa wanaogopa sana, kwa kuwa wanaamini kwamba huyo ni mmoja wa viumbe wanaokaa ndani ya mlima, waliokuwapo tangu zamani za upagani, wanaowavuta watoto wa watu waende kukaa nao. Lavrans anavua msalaba wake shingoni na kumvika mtoto.

Simameni hapo. Tazameni vitu viwili: shada mkononi mwa yule wa mlimani, na msalaba mkononi mwa baba. Mtungaji ametuonyesha riwaya nzima katika jambo hilo moja. Maisha yote ya Kristin atakuwa kati ya mikono hiyo miwili.

Msichana anakua. Baba anamchagulia mchumba, Simon, kijana mwema wa ukoo mzuri. Pete inavishwa. Lakini Kristin anapelekwa Oslo kukaa mwaka mmoja katika nyumba ya watawa, na huko anampata mwanamume mwingine, Erlend. Erlend ni mzuri wa sura, hodari, na mwenye jina baya. Wanapendana kwa siri, na wanakutana kwa siri. Kristin anamwacha Simon. Kwa muda mrefu baba anakataa, mwishowe moyo wake unashindwa, anakubali amwoze Erlend.

Siku ya arusi inafika. Wageni wamejaa. Ng'ombe wamechinjwa, pombe imepikwa. Wanawake wanamvika Kristin nguo za thamani na kulainisha nywele zake zikae wazi mabegani, kama za mwali. Kisha wanamvika taji la arusi. Ni taji zito. Na Kristin anajua jambo ambalo wageni hawalijui: amekwisha kuwa na mimba.

Kila mgeni anayemtazama anaona neno moja limeandikwa kichwani pake: mwali. Na neno hilo si kweli. Hakusema uongo kwa ulimi, hata silabi moja. Taji limesema kwa niaba yake. Anasimama mbele ya Mungu na mbele ya baba yake, kichwa kimeelemewa, tumbo linachafuka, naye ni lazima atabasamu.

Usiku ule maarusi wanapopelekwa kitandani, Lavrans anafahamu. Anafahamu kwamba alichokitoa leo mbele ya watu kwa heshima kilikuwa kimekwisha chukuliwa gizani. Hapigi kelele. Hawafukuzi wageni. Anakwenda kukaa na mkewe. Ndipo Ragnfrid, mama yule mwenye huzuni, anafungua kinywa baada ya miaka mingi. Anamwambia mumewe kwamba hata yeye mwenyewe, alipoolewa naye, hakuwa mwali. Hata yeye alikuwa na siri siku ile.

Wanafunzi wangu, hapo ndipo sehemu ya kwanza inapokwisha. Mwanamume mmoja, katika usiku mmoja, amejua habari mbili: ya binti yake na ya mke wake. Na kila mmoja wenu mwenye binti, au mwenye baba, anaweza kuuona usiku ule.

SHADA LINAPELEKWA KANISANI

Je, hadithi inatuambia kwamba ishara hazina maana, kwa kuwa zaweza kudanganya? Watu wengine wangemaliza hivyo. Sigrid Undset hakumaliza hivyo.

Mwanzoni mwa sehemu ya pili Kristin anazaa mtoto wa kiume. Kuzaa ni kugumu, karibu afe. Baadaye anaanza safari ya toba. Anatembea bila viatu, amembeba mtoto mgongoni, mpaka Nidaros penye mifupa ya Mtakatifu Olav. Amechukua lile shada la dhahabu alilolivaa juu ya nywele zake baada ya kupoteza haki ya kulivaa. Analitoa kanisani.

Fikirini jambo hili. Angeweza kuliyeyusha na kuuza dhahabu. Angeweza kulificha sandukuni. Lakini kitu kilichosema uongo hadharani, alitaka kiseme kweli hadharani. Lile shada la maua lilitoka mlimani kwa viumbe wa zamani. Hili la dhahabu linaishia miguuni pa mtakatifu. Njia nzima kati ya mlima na kanisa ni mwanamke mmoja asiye na viatu.

HERUFI MOJA

Sasa sikieni mwisho wake. Miaka mingi imepita. Kristin amezaa watoto, amegombana na mumewe na kupatana naye, amekuwa mjane, na sasa anakaa katika nyumba ya watawa. Ni mwaka 1349. Mwaka huo tauni kubwa iliingia Norwei kweli kweli, nayo iliua watu wengi mno.

Katika hofu ile watu wengine wanarudi kwenye mambo ya kale kabisa. Usiku mmoja kundi la wanaume linakwenda kumzika mtoto maskini akiwa hai, ili kuituliza tauni. Mtoto huyo hana mtetezi. Mama yake maskini amelala mgonjwa au amekufa ndani ya kibanda chake. Kristin na watawa wanafika na kumwokoa. Mtu mmoja anamwambia kwa dharau: kama una imani kiasi hicho, nenda kaulete mwili wa mama yake uzikwe Kikristo. Na yeye anakwenda, katika giza, mpaka kibanda chenye maiti ya tauni. Anarudi akiwa na ugonjwa ule.

Hapa mtungaji anatufundisha tofauti kubwa. Upagani wa shada la maua na wa kikombe cha pombe uliweza kupewa maana mpya. Lakini kumzika mtoto hai hakuwezi kupewa maana mpya. Mambo mengine hubadilishwa, na mengine hukatazwa tu. Sisi tunasema, mwacha mila ni mtumwa. Ni methali nzuri. Lakini mtu mwenye akili huuliza: mila ipi?

Kristin yupo kitandani, anakufa. Anazo mali mbili tu alizobaki nazo mwilini: msalaba aliopata kwa baba yake na pete yake ya arusi. Anazitoa zote mbili zikalipie sala kwa ajili ya roho ya yule mwanamke maskini. Pete inavuliwa kidoleni. Imekaa hapo miaka mingi, nayo ilikuwa na herufi iliyochorwa. Ilipotoka, herufi ile ikabaki imechapwa katika ngozi. Ni herufi M, mwanzo wa jina la Mariamu. Anaitazama alama ile, na anafurahi kwamba atakufa kabla haijafutika.

Herufi moja tu, wanafunzi wangu. Kiongozi wa darasa, iandike ubaoni, kubwa. M. Mwezi uliopita baadhi yenu hamkuijua. Leo mnaisoma. Kidole cha mwanamke yule kilikuwa kama ukurasa, na ndoa yake, pamoja na makosa yake yote, ilikuwa imeandika hapo.

MASHAURI KWA MSOMAJI

Kabla ya kuagana, nataka kuwapa mashauri matatu ya kutumia mnaposoma riwaya za mambo ya kale.

Shauri la kwanza. Ulizeni: ishara hii ilitoka wapi, na sasa inasema nini? Majibu yaweza kuwa mawili tofauti. Pete ilianza kama arabuni ya Warumi, na mwishowe inabeba jina la Mariamu.

Shauri la pili. Msiamini upesi kila kinachoitwa cha kale. Katika riwaya nyingi za siku hizi maarusi wa zamani hufungwa mikono kwa kamba, na msomaji anaambiwa kwamba hiyo ni desturi ya kipagani ya kale sana. Kushikana mikono wakati wa kuahidiana ni jambo la kale kweli. Lakini ile kamba, kama inavyoonyeshwa, imeenea hasa katika karne ya 20. Hata nguo nyeupe ya bibi arusi, ambayo watu wengi huidhani ya tangu zamani, ilienea baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuivaa mwaka 1840. Mtungaji mzuri hufanya kazi ya kutafuta. Sigrid Undset alisoma sheria za kale na hadithi za kale, na tangu utoto alishika mikononi vitu vya kale vilivyofukuliwa ardhini. Ndiyo maana arusi yake tunaiamini.

Shauri la tatu. Msimtazame bibi arusi kichwani tu. Tazameni na moyo wake. Ishara ni lugha, na kama lugha yoyote yaweza kusema kweli au uongo. Anayeivaa ndiye anayejua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Majina ya sehemu tatu za riwaya ni yapi? Kwa nini sehemu ya kwanza inaitwa Shada?
2. Papa Nicholas alisema ni kitu gani kimoja kisichoweza kukosekana katika ndoa?
3. Lavrans alipofahamu siri ya binti yake hakusema neno mbele ya wageni. Je, alifanya vema? Wengine waseme ndiyo, wengine waseme siyo, na kila mmoja atoe sababu.
4. Katika arusi za kwenu, tajeni kitu kimoja cha zamani kilichopewa maana mpya. Waulizeni wazee kilikuwa na maana gani kwanza.

KAZI YA NYUMBANI

Andika sentensi nne juu ya kitu kimoja ulichokiona arusini: utaji, mkeka, kanga, pete au kingine. Sentensi ya kwanza iseme ni kitu gani. Ya pili iseme nani alikivaa au alikitoa. Ya tatu iseme kina maana gani. Ya nne iseme wewe mwenyewe unaonaje. Anayeshindwa kuandika sentensi nne aandike mbili. Anayeshindwa mbili aandike neno moja, na aliandike vizuri.

Wiki ijayo mtasomeana kazi zenu kwa sauti. Msiogope kukosea. Kristin alikosea zaidi yenu, na tazameni alivyokumbukwa.

Haya, fungeni madaftari. Nawatakia usiku mwema. Kwaherini.